Kupanga mkono wa Technics SL-1200MK2 kwa ajili ya santuri za 45

Fungua sanduku la santuri la mzee yeyote aliyependa muziki wa dansi au taarabu miaka ya sabini. LP, zile santuri kubwa, utazikuta chache. Zilizojaa ni sahani ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, na mara nyingi wimbo umekatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Chemko, pale magitaa yanapofunguka na bendi nzima kukolea, huja mwishoni mwa upande, karibu kabisa na lebo. Na ni hapo hapo karibu na lebo ambapo sindano huwa na kazi ngumu kuliko mahali pengine popote.

Sababu yake ni rahisi. Sahani ya 45 huzunguka kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, lakini mduara unazidi kuwa mdogo. Mwanzoni, kama milimita 84 kutoka katikati, mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde. Mwishoni, kwenye milimita 54 hivi, ni sentimita 25 tu. Sauti ileile ya tarumbeta imebanwa ndani ya mfereji mfupi zaidi, na kosa lolote la mkono unaobeba sindano linasikika: "s" za mwimbaji zinakwaruza, tarumbeta zinapasuka. Wengi husikia hivyo wakalaumu santuri kwamba imechakaa. Mara nyingi santuri ni nzima, ila mkono haujapangwa.

Nimechagua mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri, na kwa sababu zilizotumika bado zinapatikana. SL-1200 ya kwanza ilitoka mwaka 1972, MK2 ikafuata mwaka 1979 na kuwa chombo cha madisko duniani kote. Mkono wake wenye umbo la S una kila kirekebisho unachohitaji. Ukiwa na mashine nyingine, mpangilio wa kazi ni huuhuu, ila vipimo vya milimita utavitafuta kwenye kitabu chake.

Vifaa

Bisibisi ndogo bapa, kibano chenye ncha nyembamba, rula ya chuma yenye milimita, pimamaji ndogo, tochi, na kioo kidogo bapa. Kifaa kimoja usikose: mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama wanayopimia masonara. Kabla ya kuinunua, ipitishie sumaku juu ya kisahani chake. Ikivutwa, iache. Ndani ya katriji nyingi, kile kidude kinachobeba sindano, mna sumaku, na kisahani cha chuma kitaivuta sindano chini na kukupa kipimo cha uongo. Kama huna mizani nyingine, weka kipande cha plastiki juu ya kisahani ili sindano ikae mbali na chuma, kisha bonyeza kitufe cha sifuri ndipo upime.

Kabla hujagusa mkono

Kwanza umeme. Geuza mashine, soma kibati cha nyuma. Iliyouzwa Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ya volti 230 au 240, utaunguza transfoma. Baadhi ya MK2 zina swichi ya kuchagua volti chini ya sinia linalozungusha santuri; zisizo nayo zinahitaji transfoma ya kushushia umeme. Ukinyanyua sinia kutazama, chomoa waya wa umeme kwanza, na uliweke sinia juu ya kitambaa safi. Chini yake kuna sumaku ambayo ni sehemu ya mota yenyewe, nayo hunasa kila unga wa chuma ulio mezani.

Pili, chunguza beringi za mkono. Hili ndilo ningependa kila mnunuzi alifanye dukani kabla ya kutoa pesa. Shika mkono kwa vidole viwili karibu na egemeo, pale mkono unapozungukia, usukume kidogo sana mbele na nyuma, juu na chini. Usisikie mlegeo wowote, hata ule wa "tik" ndogo. Mashine yangu ya kwanza ilisafirishwa mkono haujafungwa kwenye kishikio chake, jiwe la nyuma, ule uzito unaousawazisha, likiwa limewekwa. Ilipofika, beringi zilikuwa zimelegea, na hakuna kipimo kilichowahi kukaa sawa mpaka fundi alipozirekebisha. Kwa hiyo ukisafirisha yako, ondoa jiwe na sinia, fungia mkono.

Tatu, usawa. Weka pimamaji juu ya sinia, zungusha miguu minne mpaka povu litulie katikati pande zote mbili. Meza iwe nzito na isiguswe na spika. Sitakaa sana hapa, ila usiruke: mashine iliyoinama huvuta mkono upande mmoja, na antisketingi yako, kirekebisho cha kuvuta mkono nje tutakachokifikia baadaye, itakuwa inapigana na meza.

Sindano

Ncha ya almasi huchakaa, na mpira mdogo unaoshikilia kijiti cha sindano hukakamaa kwa umri hata kama haikutumika. Sindano iliyokuja na mashine ya mitumba usiiamini. Watengenezaji hutaja maisha ya kati ya saa 300 na 1000 kutegemea umbo la ncha, na wewe hujui iliyo mbele yako imepiga saa ngapi. Sindano mpya ni nafuu kuliko santuri ambayo haitapigwa chapa tena.

Kwa sahani za 45 zilizopigwa sana kwenye baa na harusi, mimi hupendelea ncha ya mviringo kama ya Audio-Technica AT-VM95C. Ncha ya duaradufu kama ya AT-VM95E au Ortofon 2M Red huchimbua sauti kali zaidi kwenye santuri safi, lakini kwenye sahani iliyokwaruzwa huchimbua na makwaruzo yake. Uzuri wa familia ya VM95 ni kwamba sindano hubadilishana kwenye mwili mmoja wa katriji, kwa hiyo unaweza kuwa na zote mbili.

Kufunga katriji

Kichwa cha mkono hutoka: legeza pete iliyo mdomoni mwa mkono, kivute taratibu. Nyuma yake kuna vijiti vinne vya shaba, na waya nne zinazokwenda kwenye katriji. Hapa ndipo hewa ya chumvi ya pwani hufanya uharibifu wake. Spika ya upande mmoja ikikatika na kurudi, tisa kati ya kumi ni kutu kwenye vijiti hivi. Futa kwa pamba ya masikioni iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili, ndani ya mdomo wa mkono pia, uache vikauke.

Rangi za waya ni hizi, nazo ni zilezile kwa watengenezaji karibu wote: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Vikamate vishikizo vya waya kwa kibano, siyo waya wenyewe, uvisukume kwenye pini za katriji bila nguvu. Kikilegea, kibane kidogo kwa kibano. Kikikaza, kipanue kwa ncha ya kijiti cha meno. Usitie lehemu kwenye pini za katriji. Joto lake hupita mpaka ndani na kuua koili.

Funga skrubu mbili kwa wepesi, katriji iweze kusogezwa lakini isidondoke. Kama sindano inachomoka, ichomoe wakati wa kufunga, uirudishe ukimaliza.

Milimita 52

Hapa ndipo penye kiini cha kazi nzima, tupachukulie muda.

Santuri ilichongwa na kichwa kilichokwenda mstari ulionyooka kutoka ukingoni hadi katikati. Mkono wa mashine yako haunyooki hivyo. Unazunguka kwenye egemeo na kuchora tao. Kwa hiyo sindano haiwezi kuelekea sawasawa na mfereji muda wote. Inaweza kufanya hivyo mahali pawili tu, na kazi ya mpangaji ni kuchagua mahali hapo pawe wapi.

Kwenye MK2, kutoka egemeo la mkono hadi mhimili wa katikati ni milimita 215. Mkono wenyewe, kutoka egemeo hadi ncha ya sindano, kwa kipimo cha kiwanda unatakiwa uwe milimita 230. Maana yake ncha hupita mhimili kwa milimita 15. Mkono umepindwa kwa digrii 22. Ukifanya hesabu, mahali pawili pa usahihi hutokea kwenye milimita 58.8 na 113.5 kutoka katikati.

Wengi mitandaoni hupakua karatasi ya Baerwald, mpango mwingine ambao mahali pake pawili ni milimita 66.0 na 120.9, wakisema ndiyo bora. Kwa LP ni hoja nzuri: ukingoni mwa LP kosa la pembe la mpango wa kiwandani hufika digrii 2.6, la Baerwald 1.9. Lakini rudi kwenye sanduku la mzee. Muziki wa sahani ya 45 huanza kwenye milimita 84 na kuishia karibu 54. Milimita 120.9 iko nje kabisa ya sahani! Inabaki ile moja ya ndani. Kwenye milimita 54, pale penye chemko, mpango wa Baerwald hukosea kwa digrii 2, wa kiwandani kwa digrii 0.7. Kwa hiyo kwa mwenye 45, kipimo cha kiwanda kinashinda, tena mahali panapohitajika zaidi. Mimi nimekibakiza, na sina sababu ya kukibadilisha.

Kukipata ni rahisi. Mashine mpya ilikuja na kigezo kidogo cha plastiki cha kuingizia kichwa. Mitumba hukipoteza karibu kila mara. Tumia rula: kutoka kwenye bega la kichwa, pale kinapoegemea mdomo wa mkono, hadi kwenye ncha ya sindano, iwe milimita 52. Sogeza katriji mbele au nyuma kwenye matundu marefu ya kichwa. Mwanga uwe mzuri, na jicho litazame moja kwa moja kutoka ubavuni, maana ukitazama kwa kuinama utakosea milimita nzima.

Kisha tazama kutoka mbele na juu: kijiti cha sindano kinyooke sambamba na pande za kichwa. Fuata kijiti, usifuate mwili wa katriji, kwa sababu kijiti ndicho kilicho mferejini. Kaza skrubu kidogokidogo kwa zamu, hii kisha ile, kwani ukikaza moja mpaka mwisho katriji itageuka. Pima tena milimita 52. Karibu kila mara itakuwa imesogea.

Ukitaka uhakika, chora mstari kwenye karatasi ngumu kutoka kwenye tundu la katikati, weka alama kwenye milimita 58.8, na juu ya alama hiyo chora mstari unaokata ule wa kwanza kwa pembe mraba. Mashine ikiwa imezimwa, shusha sindano juu ya alama kwa mkono mwepesi. Kijiti kilale juu ya mstari wa pili.

Kusawazisha na kupima uzito

Rudisha kichwa mkononi, kaza pete. Weka antisketingi kwenye sifuri. Shusha kiwiko cha kunyanyulia, la sivyo mkono utakuwa umekaa juu yake nawe utadhani unaelea. Toa kofia ya sindano na uwe mwangalifu kuanzia sasa.

Shika mkono kwa kidole, zungusha jiwe la nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, sawa na sinia, haupandi wala haushuki. Upulizie pumzi ndogo. Uyumbe kisha utulie. Ukikwama, rudi kwenye beringi.

Mkono ukielea, urudishe kwenye kishikio. Shika jiwe lisizunguke, na uzungushe ile pete ya namba peke yake mpaka 0 isimame kwenye mstari. Sasa zungusha jiwe zima pamoja na pete, likisogea mbele kuelekea egemeo, mpaka namba unayotaka. Pete ya MK2 husoma hadi gramu 2.5.

Namba unayotaka imeandikwa na mtengenezaji wa katriji. 2M Red ni gramu 1.8, ndani ya mipaka ya 1.6 hadi 2.0. VM95C na VM95E ni gramu 2.0, kati ya 1.8 na 2.2. Thibitisha kwa mizani, sindano ikiwa kwenye kimo kilekile cha santuri; ondoa mkeka wa mpira kama mizani ni nene.

Kuna mazoea mawili ya zamani ambayo yameharibu santuri nyingi. La kwanza ni sarafu juu ya kichwa ili sindano isiruke. Sarafu ya shilingi ni nzito kuliko uzito wote ambao mfereji unatakiwa kubeba, na kila upigaji unachonga ukuta wa mfereji. La pili ni kinyume chake, nalo huwadanganya watu waangalifu: kuweka uzito mdogo kuliko ulioandikwa "ili santuri isichoke". Sindano nyepesi mno hupoteza mguso, hurukaruka kati ya kuta mbili, na kila inapotua inapiga kama nyundo. Kati ya kupunguza na kuongeza ndani ya mipaka, ongeza. Sahani ya 45 yenye sauti kubwa kwenye katriji ya mipaka ya 1.8 hadi 2.2, mimi huweka 2.1.

Kimo cha mkono

Weka santuri, shusha sindano, tazama kutoka ubavuni. Bomba la mkono liwe sambamba na santuri. Kama nyuma iko juu au chini, fungua komeo lililo chini ya mkono, zungusha pete kubwa ya kimo, yenye namba 0 hadi 6 za milimita, kisha funga komeo. Usisahau kulifunga. Milimita 4 za kimo hubadilisha pembe ya sindano kwa digrii moja tu, kwa hiyo usihangaike na nusu milimita. Weka kimo, halafu upime uzito tena, kwa sababu kimo huugusa.

Ukiwa hapo, weka kioo bapa juu ya sinia, shusha sindano juu yake taratibu sinia likiwa limesimama, utazame kutoka mbele. Katriji na kivuli chake kiooni vifanye mstari mmoja wima. Vikivunjika kama mshale, kichwa kimekaa upande: legeza pete, kirudishe sawa, kaza.

Antisketingi

Kwa sababu mkono umepinda, msuguano wa mfereji huuvuta ndani kuelekea lebo. Sindano basi hukandamiza zaidi ukuta wa ndani, ambao ndio chaneli ya kushoto, na kulegea kwenye ukuta wa nje, chaneli ya kulia. Antisketingi huvuta mkono nje kidogo ili kusawazisha.

Anza na namba sawa na uzito: gramu 1.8, weka 1.8. Kisha sikiliza. Sahani nyingi za 45 za zamani ni mono, yaani zina sauti moja tu, na hilo ni bahati, maana chaneli zote mbili zinatakiwa kutoa sauti ileile. Vaa hedifoni, piga sekunde 30 za mwisho wa upande. Kulia kukikwaruza kabla ya kushoto, ongeza antisketingi kidogo. Kushoto kukianza, punguza. Wapo wanaotumia sahani isiyo na mifereji na kutazama mkono unaelekea wapi. Mimi siwafuati, kwani msuguano kwenye plastiki laini si ule wa mferejini.

Kabla ya kusikiliza kwa dhati

Unganisha waya wa ethi wa mashine kwenye amplifaya, au utasikia mlio wa chini usioisha. Tumia tundu la fono, lile la mashine ya santuri, siyo la kawaida. Amplifaya ikiwa na swichi ya mono, iwashe kwa sahani za mono: itafuta sehemu kubwa ya makwaruzo ya juu na chini. Sahani yenye tundu kubwa iwekee adapta inayokaza. Sauti ikiyumba kama inayolia, tazama kichwa: kikienda na kurudi ubavuni kila mzunguko, tundu la sahani halikukaa katikati, wala mkono hauna kosa.

Neno moja kuhusu zile nzito za mizunguko 78. Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, na sahani hizo ni za mifereji mipana mara kadhaa ya hii. MK2 haina mwendo wa 78, na sindano yake ndogo itaburuzika chini ya mfereji huku ikikusanya vumbi. Ziwekee mashine yake na sindano yake.

Sasa chukua 45 moja unayoijua kwa moyo, uisafishe kwa brashi, weka sehemu ya pili. Usianzie mwanzo, shusha sindano pale bendi inapokaribia kuchemka, uiache iende mpaka mfereji wa mwisho. Kama "s" za mwimbaji zimetulia na tarumbeta zinalia bila kupasuka, andika kwenye karatasi uzito, kimo na antisketingi, uibandike chini ya mfuniko. Kama bado zinapasuka, rudi kwenye rula na ile milimita 52 kabla ya kugusa kitu kingine chochote.